Unataka flashi ya kuweka pembeni ya kamera? Anza na triga, flashi ifuate

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Nimeamua kufungua huu uzi maana mwezi huu peke yake nimepigiwa simu na vijana watatu wanaoanza kupiga harusi, wote swali lao moja tu, kaka ninunue flashi gani, na wawili kati yao walishatoa hela dukani kabla hawajauliza. Mmoja kabeba flashi ya bei mbaya ya kuvaa juu ya kamera, mwingine kabeba flashi mbili za kampuni mbili tofauti na triga (kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiambia flashi iwake) ya kampuni ya tatu, hakuna kinachosikilizana na chenzake. Inaniuma kwa sababu hela ile ni ya kazi tano sita kwa kijana anayeanza, na dukani kilichotoka hakirudi.

Mimi napiga harusi, sendofu, kipaimara na picha za familia hapa Dar mwaka wa tisa sasa. Miaka mitatu ya mwanzo flashi ilikaa juu ya kamera imewakodolea watu macho, na picha zake ninazo mpaka leo: paji la uso na pua vinang'aa kama vimepakwa mafuta, mashavu yamelala bapa, nyuma giza tupu, na kivuli cheusi cha bwana harusi kimebandikwa ukutani. Nikawa nadhani shida ni nguvu, nikaongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Ngozi yetu haihitaji mwanga wa kuchoma kama wengi wanavyodhani, inataka mwanga mpana unaotoka pembeni, ule unaoteleza shavuni ukaonyesha umbo la uso. Na huo hauupati flashi ikiwa imekaa sentimita chache juu ya lenzi.

Sasa flashi ikishatoka kwenye kamera inabidi iambiwe lini iwake. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mwanga, flashi moja inapiga vimwanga vya haraka na nyingine inaviona. Nikon waliuweka vizuri huo mfumo mwaka 2003 na flashi ya SB-800, ndiyo maana mwenye kamera zao kama D90, D7000 au D750 anaweza kuamrisha flashi ya pembeni kwa kutumia kile kiflashi kinachochomoka juu ya kamera, bila kununua chochote zaidi. Canon nao wana wao. Ndani ya chumba inafanya kazi safi. Shida ni jua kali, nguzo, mgongo wa mtu mnene aliyesimama katikati, au flashi ikiwa imefichwa ndani ya softiboksi, kile kiboksi cha kitambaa cha kulainisha mwanga. Haioni, haiwaki.

Ya pili ni ya redio, masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya WiFi. Canon waliiweka ndani ya flashi yenyewe mwaka 2012 kwenye 600EX-RT, Nikon wakaja na SB-5000 mwaka 2016. Katikati hapo Wachina, Godox na Yongnuo, wakaleta redio kwa bei ambayo mtu wa Mbagala au Buza anaweza kuifikiria. Redio haijali nguzo wala mgongo wa mtu. Kama unaanza leo nenda na redio, hilo kwangu halina mjadala.

Lakini sikilizeni hapa ndipo watu wanapopotea. Redio ya Godox haiongei na redio ya Yongnuo, wala ya Canon haiongei na ya Nikon. Ukinunua flashi umeoa ukoo mzima. Kwa hiyo swali la kwanza ni ukoo gani, na ukoo unauchagua kwa kuangalia triga, ile inayokaa juu ya kamera. Triga hiyo inapatikana kwa kamera yangu? Nikihamia kamera nyingine mwakani itakuwaje? Kwenye huo ukoo kuna flashi ndogo ya kuanzia na kubwa ya kukua nayo?

Mimi nilienda Godox na sababu ni hiyo ya kuhama. Nilianza na Canon sasa nina Sony, flashi zangu zote ni zilezile, nilichobadilisha ni triga tu, kutoka XPro ya herufi C kwenda ya herufi S. Flashi ikiwa pembeni haijui kamera ni ya nani, inasikiliza triga basi.

Kwa anayeanza ushauri wangu ni triga moja ya Godox, X2T au XPro ya kamera yako, flashi za TT600 mbili, stendi mbili, mwavuli mweupe mmoja na betri za kuchaji 16, yaani nane zikiwa kazini na nane za akiba. TT600 haina TTL, yaani haijipimii nguvu yenyewe, ni manuali tupu, na bei yake ni kama nusu ya TT685 ambayo inayo. Ikiwa juu ya kamera haifanyi HSS, lakini ukiiweka pembeni ikasikiliza triga ya Godox inafanya, na hili wauzaji wengi hawalijui, wanakwambia haiwezi kabisa.

Karibuni tuongee.

Mdau wa Mwanza

Mkuu umenigusa, mimi ndio mmoja wa waliooa koo mbili. Swali langu, HSS ni nini hasa na je naihitaji, maana kila video naona wanaitaja kama uhai.

Mleta uzi

Mkuu karibu. Iko hivi, shata ya kamera ni mapazia mawili, moja linafungua moja linafunga. Kuna spidi ambayo ukiizidi, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwa hiyo sensa, kile kioo kinachonasa picha ndani, haiwi wazi yote kwa wakati mmoja. Kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Flashi ikiwaka hapo juu unapata picha yenye mkanda mweusi, nadhani umeshauona. HSS inafanya flashi itetemeshe mwanga mfululizo wakati mwanya unapita juu ya sensa. Inafanya kazi, ila inakula nguvu, hesabu kama stopu mbili hivi zimeondoka, na kila stopu ni nusu ya mwanga, na betri inalia.

Ukumbini usiku huihitaji kabisa, uko 1/100 au 1/160 huko. Utaihitaji mchana nje ukitaka kufungua lenzi mpaka f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana) huku jua limewaka. Kwa harusi za ukumbini usinunue kitu kwa sababu ya HSS.

Mdau wa Nairobi

Niaje wadau, uzi mzuri sana huu. Ila boss hapo kwa TTL mimi nakataa kidogo. Mimi nafanya weddings Nairobi na Kiambu, bibi harusi akiingia anatembea, saa hii yuko mita sita, baada ya sekunde kumi yuko mita moja na nusu mbele yako, na hujui shosho gani ataruka katikati kucheza. Hapo ukiwa manuali unageuza namba kama mtu anatafuta stesheni ya redio. TTL inasoma yenyewe. Ukimwambia beginner aanze na TT600 tupu unamnyima hiyo, na mwanzo ndio hana mazoea ya kubadilisha haraka.

Mleta uzi

Kaka hoja yako ni ya kweli na naikubali nusu. Flashi iliyo juu ya kamera wakati wa kuingia, TTL inasaidia sana. Mimi mwenyewe siku hizi nina moja yenye TTL kwa kazi hiyo tu. Lakini flashi za pembeni naziacha manuali na sababu ni nguo zetu. TTL inapiga kimwanga cha kupima, inaangalia kilichorudi, halafu inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, bibi harusi anatoka mweusi kuliko alivyo na gauni limechoka. Ukigeuka upande wa pili kuna wasimamizi sita wa suti nyeusi, inadhani mwanga hautoshi, inaongeza, nyuso zinaungua. Watu walewale, sehemu ileile, picha mbili tofauti kabisa, na usiku wa manane unakaa kuediti picha 900 moja moja.

Flashi iliyosimama kwenye stendi haitembei. Wanaocheza wako eneo lilelile la mita tatu nne. Unapima mara moja kabla watu hawajaingia, unaiacha.

Mdau wa Nairobi

Hapo nimekuelewa. So beginner anunue moja ya TTL na moja manuali?

Mleta uzi

Bajeti ikiruhusu ndiyo, hiyo ni nzuri kuliko nilivyoandika mwanzo. TT685 moja ya kamera yake na TT600 moja, triga ileile. Halafu ukiwa na TT685 juu ya kamera yenyewe inaweza kuamrisha zile za pembeni, kwa hiyo hata triga ikifa katikati ya kazi hujasimama.

Mdau wa Unguja

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mie ni mwanamke napiga picha za wageni na maharusi pwani, Paje na Nungwi. Nimesoma yote nimefaidika ila yenu ni ya ukumbini. Huku kwetu saa sita mchana mgeni anataka apigwe picha na bahari nyuma iwe buluu, na yeye aonekane. Nina flashi mbili ndogo za betri nne na mwavuli, haziwezi. Nikiwasha ni kama sijawasha. Je tatizo ni flashi zangu au mie?

Mleta uzi

Wa aleykum salaam dada. Sio wewe, ni hesabu. Jua la mchana mawingu hakuna, ukiwa ISO 100 na shata 1/100, kipimo chake ni f/16. Ukipanda 1/200 unakuwa f/11. Ili flashi ionekane inabidi ifikie angalau f/11 hiyo ikiwa imeshapita kwenye mwavuli unaokula zaidi ya stopu moja. Flashi ndogo kutoka mita mbili kupitia mwavuli haifiki. Ukiweka HSS unazidi kupoteza.

Hapo ndipo unahitaji kupanda ngazi ndani ya ukoo. AD200 ina wati-sekunde 200, wakati zile za kichwa cha mviringo za V1 ni 76. Betri yake ni ya kuchaji, inatoa kama miwako 500 kwa nguvu yote, na triga ni ileile. Na kabla hujanunua jaribu hivi bure: mgeni alipe jua mgongo, uso wake uwe kwenye kivuli chake mwenyewe, toa mwavuli, sogeza flashi mita moja tu kutoka usoni nje kidogo ya fremu. Umbali ndio kila kitu. Kutoka mita 2 kwenda mita 4 mwanga haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hiyo kutoka mbili kuja moja unapata mara nne bure, bila kununua chochote.

Mdau wa Unguja

Ahsante sana. Na upepo je? Kusi likivuma mwavuli unaondoka na stendi yake. Nimeshavunja mmoja.

Mdau wa Mombasa

Dada mwavuli pwani ni tanga, usihangaike nao. Mimi Nyali nimeacha kabisa stendi wakati wa upepo, nampa kijana ashike fimbo yenye softiboksi ndogo ya sentimita 60, anasimama kinyume na upepo. Ukilazimika kutumia stendi funga mfuko wa mchanga miguuni, mchanga si upo hapohapo, beba mifuko mitupu tu ujaze ukifika. Na ukimaliza futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, chumvi ya hewa inaingia kwenye pini za betri na kwenye kiatu cha triga, pale inapovaa kamera, baada ya miezi flashi inawaka siku ikitaka.

Mdau mpya

Samahani wakuu mimi nina Canon 4000D, nimenunua triga ya bei rahisi ile ya pini moja, nikiishika mkononi nikabonyeza kitufe cha jaribio flashi inawaka, nikiivisha kamera haiwaki. Nimebadilisha betri, nimebadilisha chaneli, wapi. Fundi kaniambia kamera mbovu nilete elfu themanini. Naombeni msaada kabla sijapeleka.

Mleta uzi

Mdogo wangu usipeleke hiyo hela popote! Kamera yako nzima. Angalia pale juu flashi inapokaa, katikati kwa kawaida kuna duara la chuma, ndiyo pini ambayo triga za pini moja na flashi za studio zinaitegemea. Canon waliiondoa kwenye 4000D na 250D, na baadhi ya 2000D nazo hazina. Zimebaki zile pini ndogo za Canon wenyewe. Kwa hiyo triga ya pini moja haitawaka hapo milele. Unahitaji triga yenye pini zote za Canon, ile ya herufi C, na uende na kamera yako dukani, iwashwe mbele yako kutoka kwenye kamera ndipo ulipe. Kitufe cha jaribio hakithibitishi kitu.

Wengine wote mnaosoma na mna hizo kamera ndogo za Canon, inueni sasa hivi muangalie.

Mdau wa Mwanza

Hii peke yake imelipa uzi mzima. Mkuu na hizi flashi za zamani? Baba yangu mdogo alikuwa na studio Shinyanga kaniachia Vivitar 283, bado inawaka na mwanga wake mkali haswa.

Mleta uzi

Itunze kwa heshima ila usiivishe kamera ya kidijitali kabla hujaipima. Vivitar 283 za mwanzo zinatoa zaidi ya volti 200 kwenye pini ya kuwashia, na ukubwa huo unaweza kuua kamera au hiyo triga. Chukua mita ya fundi umeme, weka DC, washa flashi usubiri taa ya utayari, ncha moja kwenye pini ya katikati nyingine kwenye chuma cha pembeni ya kiatu. Ikisoma volti chache, kama 5 hivi, tulia. Ikisoma mia na kitu, iweke kabatini.

Mdau wa Nairobi

Kuna kitu hamjataja na kilinifanya nitoe jasho. Reception moja, photographer wawili na wa video, flashi zangu zinawaka zenyewe mimi hata sijapiga. Nikifika wakati wa keki betri zimeisha.

Mleta uzi

Yalinikuta Sinza kwenye sendofu. Sote tulikuwa Godox, sote chaneli 1 kundi A, maana ndivyo inavyotoka kwenye boksi. Mwenzangu akipiga flashi zangu zinawaka, nikipiga mimi zake zinawaka, picha zake zimeungua zangu zina mwanga wa upande nisioutaka. Chaneli ziko 32, kama vifaa vyako vina ID (namba ya ziada ya kutofautisha vyako na vya wengine) weka namba yako pia. Siku hizi nikifika ukumbini kabla ya kufungua begi namtafuta mpiga picha mwenzangu namsalimia namuuliza, kaka uko chaneli ngapi. Wanafurahi, na mara nyingi tunaishia kusaidiana.

Na kama umeweka flashi kwenye hali ya kuona mwanga, ile S1, kila flashi ya mgeni itaiwasha. Simu haziwashi maana zile ni taa za LED, ila mjomba aliyekuja na kamera yake atakumaliza.

Lingine, flashi ikiwa karibu sana na triga wakati mwingine inagoma, watu wanadhani mbovu. Triga za Godox zina setingi ya umbali, weka 0 mpaka 30 badala ya 1 mpaka 100, inatulia.

Mdau wa Mombasa

Na mwanga wa ukumbini mnauelekeza wapi? Mimi napiga darini lakini picha zinatoka zambarau.

Mleta uzi

Ni vitambaa vya mapambo hivyo. Dari likivalishwa zambarau au dhahabu, mwanga unaogonga pale unarudi na rangi hiyo, na ngozi inakuwa ya ajabu kiasi kwamba huwezi kuirudisha kwa kuediti. Dari likiwa jeupe na si refu sana, gonga dari kwa raha zako. Likiwa limevalishwa, mimi napandisha stendi mpaka mita tatu hivi kwenye pembe mbili za eneo la kuchezea, moja nyuma ya watu moja mbele upande, zinatazamana kwa mshazari. Ya nyuma naiweka 1/16 ya nguvu yake, inachora ukingo wa nywele na mabega, ya mbele 1/8 na kitambaa cheupe. ISO 1600, f/4, 1/125. Anzia hapo kisha urekebishe kulingana na ukumbi wako. Na taa za ukumbi zikiwa za njano bandika karatasi ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, la sivyo watu wanakuwa weupe wa buluu na nyuma kunaungua njano.

Stendi ikiwa juu hivyo iweke nyuma ya meza ya maspika, watoto wanakimbia. Niliwahi kuona ikianguka karibu kabisa na meza ya wazee na tangu siku hiyo sifungui stendi bila uzito chini.

Mdau mpya

Wakuu nimerudi. Nimeenda Kariakoo leo na 4000D yangu mkononi, nikamwambia muuzaji siondoki mpaka iwake kutoka kwenye kamera. Triga ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya Nikon, boksi lina herufi N, nikairudisha. Ya pili ya C ikawaka mara ishirini mfululizo. Fundi nimempigia nimemwambia sileti tena kamera. Sasa nimebaki na hela ya flashi moja tu, ya pili mwezi ujao. Moja naiweka wapi? Jumamosi nina kipaimara Tabata, sebuleni, watu kama thelathini.

Mleta uzi

Safi sana mdogo wangu. Sebuleni moja inatosha. Iweke kwenye kona nyuma ya bega lako la kushoto, juu kuliko vichwa vya watu, kichwa chake kitazame pale ukuta na dari vinapokutana, kama ni vyeupe. Anza na nguvu ya 1/4, ISO 800, f/4, 1/125. Mtoto wa kipaimara asisimame amegusa ukuta, mlete mbele hatua mbili. Chaji betri zote Ijumaa usiku, na ubebe seti ya pili mfukoni. Ukirudi weka picha moja hapa na setingi zake, hata kama haijakufurahisha, tuiangalie wote.